Göteborg Mara Mbili: Mechi Ambayo Pernille Harder Hakuicheza

Kila nikimtaja Pernille Harder, nyota wa soka la wanawake wa Denmark, kwenye mabishano ya mpira, jibu ni lile lile: hajachukua Ligi ya Mabingwa. Wanaonijibu wanahesabu fainali. Kyiv 2018 akiwa na Wolfsburg ya Ujerumani, kapoteza. San Sebastián 2020, kapoteza. Göteborg 2021 akiwa na Chelsea, kapoteza. Weka juu yake fainali ya Euro 2017, kombe la mataifa ya Ulaya, akiwa na Denmark, zinakuwa nne.

Hesabu hiyo siipingi. Ninachopinga ni watu kumfungia jalada hapo.

Ile ya Kyiv bado inaniuma. Dakika 90 ziliisha 0-0 dhidi ya Lyon ya Ufaransa. Dakika ya 93 Harder akaachia shuti, likambabatiza beki, likatinga wavuni. Wolfsburg wanaongoza! Muda si muda Alexandra Popp akalimwa kadi nyekundu, na Lyon wakafunga matatu ndani ya dakika sita hivi, kisha wakaongeza la nne. Ukimlaumu Harder kwa usiku ule, sijui ulikuwa unatazama nini. Miaka miwili baadaye Lyon hao hao wakawachapa 3-1, na siku mbili baada ya kipenga cha mwisho Chelsea wakamtangaza kuwa wao, kwa ada iliyotajwa wakati ule kuwa rekodi ya dunia kwa mchezaji wa kike. Mwisho wa msimu wake wa kwanza pale, kwenye fainali ya Göteborg, Barcelona walikuwa wameshawafunga manne kabla ya mapumziko.

Huyu ni binti wa Ikast, mji mdogo wa Jutland, Denmark. Akiwa na miaka 19 alivuka kwenda Linköping, Sweden, na kabla ya kuondoka walikuwa mabingwa wa nchi. Wolfsburg alibeba ligi na kombe la Ujerumani kila msimu aliomaliza pale, na mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 27. Chelsea, misimu mitatu, ubingwa mara tatu. UEFA ilimpa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya mara mbili, 2018 na 2020. Timu ya taifa amefunga zaidi ya mabao 70. Kwa wanaume wa Denmark, Poul Nielsen na Jon Dahl Tomasson wanashikilia rekodi yao kwa 52 kila mmoja.

Kwa mabao hayo wengi wanamwita straika. Mimi namwita kiungo, na sitabadili. Straika husubiri mpira umfikie. Harder huushukia chini, hugeuka nao, halafu ndiyo balaa linaanza. Tazama bao lake la fainali ile ya Euro 2017, mjini Enschede, Uholanzi: aliuchukua mpira mbali kabisa na goli, akakimbia nao huku mabeki wa Uholanzi wakirudi kinyumenyume, akampita aliyejitokeza, akapiga chini kwa chini. Ikawa 2-2. Denmark walifungwa 4-2 mwishoni, lakini njiani walikuwa wamewatoa Wajerumani, waliokuwa wamelitwaa kombe hilo mara sita mfululizo, tena kwenye mechi iliyoahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya mvua.

Wakarudi nyumbani, nchi nzima ikiwashangilia. Na hapa ndipo ninapomwona Harder mkubwa kuliko kombe lolote.

Wachezaji walikuwa wakidai mkataba wa pamoja na shirikisho lao, DBU. Pesa ilikuwemo, lakini mgogoro ulikwama hasa kwenye suala la ajira: walitaka watambuliwe kuwa waajiriwa pale wanapoiwakilisha nchi yao kwa jezi ya taifa. Fikiria maana yake. Mtu anaacha kazi yake ya klabu, anasafiri, anahatarisha magoti yake kwa ajili ya bendera, halafu kisheria ni kama mgeni mwalikwa. Mwezi Septemba mechi ya kirafiki na Uholanzi, marudio ya fainali, ikafutwa. Oktoba ikaja mechi ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Sweden, Göteborg. Nahodha alikuwa Harder. Denmark hawakutokea uwanjani.

Si jambo dogo. Kususia mechi ya kirafiki ni mgomo. Kususia mechi ya kufuzu ni kuweka rehani ndoto yako mwenyewe. Harder alikuwa anakaribia miaka 25, yuko kwenye ubora wake, na hajawahi kucheza Kombe la Dunia. Wenzao wa timu ya wanaume walikuwa tayari kuachia sehemu ya fedha zao ili makubaliano yapatikane, na hilo nawapa heshima. Lakini mechi iliyopotea ilikuwa ya wanawake.

UEFA ikawapa Sweden ushindi wa mezani, 3-0. Novemba wachezaji wakapata makubaliano ya miaka minne. Bili ikaja mwaka uliofuata: Denmark walifungwa na Sweden nyumbani Viborg, wakamaliza nyuma yao kwenye kundi, wakaangukia mchujo, na Uholanzi wakawatoa. Kombe la Dunia la Ufaransa 2019, Harder hayumo. Mchezaji bora wa Ulaya wa mwaka 2018, hayumo!

Kwa hiyo mtu akinitajia Göteborg ya 2021, na yale mabao manne ya Barcelona, mimi namtajia Göteborg ya 2017. Mji ule ule. Wachezaji wanaopoteza fainali ni wengi. Wanaoweka Kombe lao la Dunia mezani ili wenzao watakaokuja wakute mkataba, nitajie wangapi.

Alicheza Kombe la Dunia hatimaye, Australia 2023, akiwa na miaka 30. Mechi ya kwanza walishinda dhidi ya China, ya pili wakafungwa na Uingereza, ya tatu ikawa na Haiti, mjini Perth. Penalti. Harder, kitambaa cha unahodha mkononi, akaenda kuipiga, na mpira ukajaa wavuni: bao lake la kwanza la Kombe la Dunia.