Weupe wa Kibo na mpaka wa kujua

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani kuja Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Yeye alitambua mara moja kuwa ni theluji. Mwenyeji aliyemwongoza njia aliuita "baridi" tu.

Neno hilo lilinirudia juzi kijiweni Majengo, hapa Moshi. Rafiki yangu anayefundisha fizikia sekondari alikuwa ameshikilia kwamba ufahamu wa binadamu hautajua kamwe uhalisia ulivyo katika kiini chake. Hoja yake ni nzito, na wengi huipuuza kabla ya kuisikiliza.

Yule mwongoza njia hakutaja kitu chenyewe. Alitaja kile ambacho kitu humfanyia mtu. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1781 kwamba hali yetu sote ndiyo hiyo: tunajua vitu vinavyotutokea, si vilivyo vyenyewe. Jicho letu hupokea mwanga wa takribani nanomita 380 hadi 700 basi, ilhali nyuki akitua kwenye ua lilelile huona urujuanimno, mwanga tusiouona sisi. Lakini mfano wa macho ni mwepesi, maana vyombo hutusaidia. Ugumu uko ndani ya fizikia yenyewe. Uliza elektroni ni nini. Utaambiwa tungamo lake, chaji yake, spini yake, yaani inavyosukuma, inavyovutwa, inavyogeuka penye sumaku. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alilisisitiza hili mwaka 1927: fizikia hutupa muundo wa mahusiano, na juu ya kile kinachohusiana hunyamaza. Kwa maneno mengine, bado tunasema "baridi", ila sasa tunaisema kwa hesabu.

Mpaka hapo niko naye. Ninaachana naye kwenye "kamwe".

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa habari ya Rebmann kwa miaka mingi. Theluji karibu na Ikweta aliona haiwezekani. Alikuwa amesoma sana, ila mlima hakuwahi kuuona. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, wakakanyaga barafu. Sayari ya Neptune nayo ilipatikana mwaka 1846 kwa sababu mwanahisabati Mfaransa Le Verrier alikwishakokotoa mahali pa kuitafuta, na chembe ya Higgs, ambayo wanafizikia waliitabiri mwaka 1964, ikaonekana mwaka 2012. Akili iliyofungiwa kabisa ndani ya mionekano yake isingekuwa inalenga hivi.

Wapo wanaojibu kwamba akili iliumbika kwa mageuzi ili tusalie hai, wala si ili tuujue ukweli. Shoka hilo linakata na mpini wake. Nadharia ya mageuzi imetungwa na akili hiyohiyo. Tukiinyima imani akili, nadharia nayo inaanguka.

Hata hivyo, nikiwa mkweli, Neptune na Higgs hazimjibu Russell. Ni mahusiano zaidi, yaliyopimwa vizuri zaidi. Ninachokiona kinamgusa kweli ni kitu kidogo: jino likiniuma usiku, maumivu yale siyajui kwa nje. Hayana sura inayonitokea huku kiini chake kikijificha nyuma. Kuuma kwenyewe ndiko yalivyo. Basi kipo angalau kipande kimoja cha uhalisia ambacho ufahamu unakijua kutoka ndani, kwa kuwa ndio wenyewe.

Rafiki yangu alisema kipande hicho ni kidogo mno, tena hakituambii lolote kuhusu jiwe. Kuhusu jiwe ninakubali. Wapo wanafalsafa wanaoruka kutoka hapo na kudai kila chembe ina ufahamu kidogo, na mimi siwafuati, kwa sababu sijaona daraja kati ya jino langu na jiwe. Lakini udogo si hoja. Aliyesema "kamwe" alihitaji kuonyesha kwamba hakuna hata sehemu moja ambapo kujua na kuwa vinakutana, na hapo kwenye jino vimekutana.