Mvule hauna kosa, iangalie randa yako

Ubao wa mvule ukinyofoka chini ya randa, wa kwanza kulaumiwa ni mti. "Mvule huu mkaidi," fundi anasema, huyoo anafuata msasa. Mimi nasema mkaidi ni randa.

Nyuzi za mvule hazilali upande mmoja. Tabaka hili zimeegemea kulia, linalofuata kushoto, na zote zinakutana kwenye ubao uleule. Mkangazi nao ndivyo ulivyo, ndiyo maana una ile mistari inayong'aa na kufifia ukiugeuza kwenye mwanga. Kwa hiyo ule ushauri wa "geuza ubao upige kutoka upande wa pili" hausaidii: unauponya mstari mmoja, unauchana wa jirani.

Randa ya chuma ya kawaida kisu chake kimelala digrii 45. Kwa msonobari inatosha. Kwenye nyuzi zilizopishana, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kuziinua, zikapasuka mbele ya makali kabla hazijakatwa. Kikisimama digrii 55 hadi 60, hakipati nafasi ya kuinua. Ni kweli utasukuma kwa nguvu zaidi na makali yataisha mapema, tena mvule wakati mwingine una vijiwe vya chokaa ndani yake, adui wa kila kisu.

Ndiyo maana napenda fundi ajichongee randa ya mbao. Tafuta kipande cha mninga uliokauka, kwani mninga ukishakauka hautanuki wala kusinyaa ovyo. Pasua mbavu mbili za pembeni, kipande cha kati kikate kwa mshazari wa digrii 55 kiwe kitako cha kisu, kisha gundisha vyote upya. Ni rahisi kuliko kuchimba tundu lote kwa patasi. Kijiti cha mpingo kinachopita kutoka ubavu hadi ubavu kitaishikilia kabari inayokibana kisu. Kisu mhunzi anaweza kukufulia kwa springi ya lori.

Pa kutulia ni mdomoni, ule upenyo wa chini ambamo kisu kinatokea. Uache uwe mwembamba hata kisu kisipite, halafu uupanue kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka maranda membamba yatoke bila kukwama. Nusu milimita inatosha. Ukingo wa mbele wa mdomo ndio unaozikandamiza nyuzi zisiinuke. Ukiupanua kupita kiasi, umejipunguzia msaada huo.

Asiyetaka kuchonga anaweza kunoa ncha ya mgongo wa kisu cha randa ya chuma, ule upande bapa, kwa digrii 10, akapata 55 zilezile. Hilo silipingi. Ila kisu hicho sasa hakifai tena kwa kazi nyepesi, na msasa unaobaki kama njia ya mkato unarusha vumbi la mvule, ambalo huwasha pua na ngozi.

Mwenye randa mbili yuko huru: ya chuma ipunguze unene, ya mbao ipite mwishoni tu. Ukianza na ya mbao utachoka kabla ya saa sita.