Kikapu cha bibi, alama zangu

Darasa la saba, Kenya, enzi za mtaala wa 8-4-4, mwalimu wa sanaa na ufundi alimtaka kila mtoto alete kikapu. Changu kilisukwa na bibi, siku nne barazani, mwaa umelowekwa kwenye ndoo, vidole vikienda kwenye ukili huku akinifukuza nirudi vitabuni. Nilipata 18 juu ya 20. Mwenzangu aliyenunua chake sokoni alipata 19, na mpaka leo linaniuma.

Sasa ni mimi ninayefundisha, Uswidi, vijana wa miaka 13 hadi 16. Somo lenyewe, slöjd, yaani kazi za mikono, ni la lazima: saa 330 katika elimu ya msingi, wavulana na wasichana pamoja, mbao na vitambaa. Juzi kijana mmoja alikuwa anachonga kijiko, akakata kinyume cha nyuzi za mti, mpini ukapasuka. Nilikuwa nimeshainuka kumtafutia kipande kingine. Akakataa. Aliukata mpini mfupi, akapiga msasa, kikawa kijiko cha chumvi, kisha akaandika daftarini alikosea wapi na kwa nini amebadili nia. Na hayo maandishi yana alama zake. Kikapu cha sokoni kisingepita kwangu, maana kazi yote inafanyika mbele ya macho yangu.

Msidhani nimekuja kuisifia Ulaya. Karakana yangu ina kila kitu, hata msumeno una mahali pake ukutani, lakini wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kukutana na mtu anayepata riziki yake kwa tindo. Lamu unasikia nyundo kichochoroni kabla hujamwona fundi. Mwanagenzi hufagia unga wa mbao miezi mingi, ndipo apewe tindo aguse ubao wa nakshi, tena ule ambao ukiharibika hapati hasara mtu. Saa 330 za slöjd hazifiki huko.

Shida yetu Kenya ni tunampeleka nani kwenye ufundi. "Huyu kichwa kizito, mpelekeni akajifunze useremala." Nimelisikia sebuleni kwetu, fundi mwenyewe ameketi anakunywa kahawa!

Sasa wazazi mnaulalamikia mtaala wa umilisi, huu uliokuja baada ya 8-4-4: mtoto anaagizwa vitu usiku, mnakimbizana na maduka kutafuta karatasi za manila. Nawaelewa, mama yangu angelalamika kuliko nyinyi. Lakini msiombe somo la kazi za mikono lifutwe. Ombeni kazi ifanyike humo humo darasani, isibebwe nyumbani, na fundi wa mtaa aitwe shuleni japo mara mbili kwa mwezi. Alipwe, tena si kama wanavyolipwa walimu wa BOM, wale wa kuajiriwa na bodi ya shule kwa malipo kiduchu.

Najua ofisi itamuuliza cheti. Bibi hakuwa nacho, na zile 18 zilikuwa zake.