Mama mdogo amesamehe, na kesi hafuti

Jumapili iliyopita ibadani sikuimba hata wimbo mmoja. Nilikuwa nimekaa tu pale kwenye benchi, moyo unadunda kwa hasira, na mbele yangu safu mbili amekaa mtu aliyefanya nisiimbe.

Iko hivi. Mama mdogo wangu alifiwa na mume miaka sita iliyopita. Hata matanga hayajaanuliwa vizuri kikao cha ukoo kikakaa, shemeji yake akapendekezwa awe msimamizi wa mirathi, watu wakasaini muhtasari, wakaenda nao Mahakama ya Mwanzo akapitishwa. Mama mdogo alisaini bado macho yamevimba kwa kulia, hakusoma kitu. Mnaozijua mirathi za huku kwetu mshajua kilichofuata. Kiwanja walichonunua wao wawili, kwa mkopo wa mumewe na hela ya vitumbua vya mama mdogo, kikauzwa bila yeye kuambiwa, kodi za wapangaji zikahamia kwa shemeji, na huyo msimamizi hajawahi kurudi mahakamani kufunga mirathi wala kuonyesha nani kapata nini. Watoto watatu wanasomeshwa kwa vitumbua. Mwaka jana ndo mama mdogo akafungua kesi.

Sasa Ijumaa wazee wawili wa kanisa wakaenda kwake. Walienda kwa upole kabisa, wakasali, wakanywa chai, alafu wakamwambia shemeji yako yuko tayari mpatane, na wewe kama Mkristo huwezi kusogelea Meza ya Bwana huku una ndugu yako mahakamani, kafute kesi kwanza. Wakamsomea Mathayo 5, ile ya kuacha sadaka madhabahuni. Usiku mama mdogo akanipigia, sauti imekauka, akaniuliza, "Mwanangu, hivi mi nina dhambi?"

Sikulala. Nikafungua hiyo Mathayo 5 mstari wa 23, nikaisoma polepole kama sijawahi kuiona. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako." Jamani, ndugu yako ana neno juu yako! Mwenye neno hapo ni nani? Ni yule aliyeumizwa. Anayeambiwa aiache sadaka, ainuke, aende akapatane ni yule aliyemkosea mwenzake. Andiko lile lilikuwa la shemeji. Yeye ndo anayetoa ahadi kubwa kila mwaka, yeye ndo anayenunua mkungu wa ndizi kwenye mnada baada ya ibada watu wakapiga makofi, na yeye ndo mwenye ndugu aliye na neno juu yake. Wazee walipaswa kupanda mlima kwenda kwake wakamwambie mzee, hii sadaka iache kwanza, nenda kwa yule mjane. Badala yake wakalichukua neno la kumwamsha mkosaji wakampiga nalo aliyekosewa.

Na hii sio mara ya kwanza kuiona. Mwanamke anapigwa, anaambiwa samehe saba mara sabini. Binti anaharibiwa na ndugu wa karibu, kikao cha familia kinakaa, wanasali, wanasema yaishe. Kila mara anayekalishwa chini kuombwa kitu ni yule aliyeumia, yule mwingine anapewa soda.

Najua mtaniletea 1 Wakorintho 6, ndugu kumshtaki ndugu. Sawa, Paulo kasema, na mstari wa 7 pale anapouliza kwanini msikubali kudhulumiwa unaniuma kila nikiusoma, siwezi kuukwepa. Lakini kwenye maneno hayo hayo Paulo anauliza hivi hamna kwenu hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu? Na anawageukia walionyang'anya ndugu zao, anawaambia wadhalimu hawataurithi ufalme wa Mungu. Mama mdogo alianzia kanisani. Alienda mara tatu, akaambiwa aombe na asubiri, akasubiri miaka miwili. Kama kanisa lingemwita shemeji likaamua, huko mahakamani angeenda kufanya nini? Alafu mali ile sio yake peke yake aseme nakubali kudhulumiwa, ni ya watoto, na huwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya mtoto wako alafu ukamwachia na kiwanja chake.

Fungueni na Luka 18. Yule mjane aliyekuwa anamwendea kadhi kila siku akisema nipatie haki na adui wangu. Yesu hakumwambia mama nenda kafute kesi. Alimchukua akamfanya mfano wa namna ya kuomba bila kukata tamaa.

Zakayo je, yule mtoza ushuru? Hakuna aliyemlazimisha. Alisimama mwenyewe akasema kama nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne, na hapo ndo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Shemeji kasema yuko tayari kupatana, kuhusu kiwanja hajasema neno.

Mi ni Mlutheri lakini nampenda sana Papa Yohane Paulo wa Pili kwa jambo moja. Mei 13, 1981 Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro nusura amuue, na siku nne tu baadaye Papa akiwa bado hospitali alitangaza kwamba amemsamehe. Desemba 1983 akamfuata gerezani Roma, wakakaa viti viwili wanaongea kwa sauti ya chini. Alivyomaliza akatoka, Ağca akabaki ndani, na Italia ilikuja kumpa msamaha mwaka 2000. Moyo wa Papa ulishaachilia siku nyingi huku kifungo kinaendelea, na sijasikia mtu akisema ule msamaha ulikuwa wa uongo. Hata majirani zetu Rwanda, kwenye gacaca, zile mahakama za kijiji zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, anayetaka kupunguziwa adhabu ilibidi asimame mbele ya watu wa kijiji chake akiri, ataje aliokuwa nao, aonyeshe miili ilipotupwa. Ukweli ulitangulia.

Ila pia sitaki mtu asome hapa apate kichaka cha kuficha kinyongo. Yule mtumwa wa Mathayo 18 aliyesamehewa deni la talanta elfu kumi akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia ananitisha mimi mwenyewe. Niliwahi kumdhamini rafiki yangu mkopo akatoroka, mshahara wangu ukakatwa miezi kumi na nne, na kwa miaka minne nilikuwa nikisikia jina lake tu chakula kinanishuka vibaya. Nilisema nimemsamehe mara nyingi, kwa mdomo. Siku niliyojua kweli nimesamehe ni siku nilipoambiwa mama yake kalazwa nikajikuta nimehuzunika, sio kwa kujilazimisha, nikatuma kidogo nilichokuwa nacho. Deni hajalipa. Nikikutana naye namsalimia vizuri na tunacheka, lakini fomu ya udhamini simsainii tena, na moyoni sina vita naye. Ilichukua miaka minne, na hakuna aliyekuja sebuleni kwangu kunipa wiki moja niwe nimemaliza.

Kwahiyo usiku ule nilimjibu mama mdogo kwamba hapana, mama, huna dhambi kwa kudai. Akanyamaza kidogo, alafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kwamba kila usiku anamtaja shemeji yake kwenye maombi, kwa jina. Mwanzoni alikuwa anamwombea mabaya, anakiri, miezi mingi tu, alafu maneno yakamwishia, sa hivi anamwombea presha yake itulie maana ana presha kama aliyokuwa nayo marehemu. Anasema hataki afe kabla hawajaongea.

Jumapili alikuja ibadani, akakaa nyuma. Ilipofika zamu ya benchi letu kwenda Meza ya Bwana aliniangalia, nikasimama nikampisha atangulie, akaenda. Kesi inatajwa Jumanne ya wiki ijayo, nimeshaomba ruhusa kazini.