Kabla hujashika kipaza sauti, lijue neno lako la mwisho

Jumamosi iliyopita tulimzika jirani yetu hapa Igoma, Mwanza. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alimwita mzee mmoja aseme machache kwa niaba ya mtaa. Alikuwa na karatasi mbili alizojiandalia vizuri. Akaanza: mheshimiwa diwani, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, mchungaji, wanakwaya, wawakilishi wa vikoba... Jua la saa saba linachoma, watu wanahama turubai kufuata kivuli cha mwembe. Alipomfikia marehemu mwenyewe, muda wake ulikuwa umekwisha. Iliniuma, maana mzee yule alikuwa na mengi mazuri ya kutuambia.

Kisha akaitwa mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Hakuwa na taarifa. Alikaza kanga kiunoni, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akanyamaza kidogo. "Huyu alinikopesha hela ya ndoo yangu ya kwanza ya dagaa. Leo nina meza yangu. Sare na madaftari ya mwanawe, kuanzia sasa, ni juu yangu." Akarudi kukaa. Mkeka mzima wa akina mama ulilia.

Jana, leo, kesho. Mpangilio huo unabeba hotuba yoyote ya ghafla, iwe msibani, kikaoni au harusini.

Mwalimu Nyerere naye, alipotangaza vita Novemba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili, aliegemea nguzo tatu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wazee wetu wanazitaja mpaka leo bila kusoma popote.

Tatizo letu ni kwamba tunaandaa salamu. Itifaki ni heshima, siikatai, lakini sentensi moja inatosha. Mimi nasema tuanze na mwisho: huyu anayenisikiliza, akiwa kwenye daladala la kurudi Buzuruga, nataka akumbuke nini? Ukishalipata hilo, tafuta mawili tu ya kukufikisha hapo. Mengine yaache, hata kama ni matamu. Kuacha ndiko kugumu kuliko yote.

Wiki ijayo kuna sendofu ya binti wa dada yangu kule Nyegezi, na nimeombwa niongee kama mjomba. Sentensi ya mwisho nimeshaiandika nyuma ya kadi ya mwaliko. Mawili ya kuitangulia bado nayatafuta.