Sufuria ya Bukari

Juzi jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, aliuza sufuria yake kubwa, ile avenyu nzima huiazima kusongea bukari, ule ugali wetu, kukiwa na kilio. Mwanawe wa miaka kumi na tisa yuko ndani mwezi wa pili sasa. Alikutwa na misokoto miwili ya bangi mfukoni. Hajawahi kukamatwa kwa lolote.

Avoka, yaani wakili wake, aliomba uhuru wa muda, aachiwe akingoja kesi. Majistra wakakubali, kwa dhamana ya dola mia tatu. Mama anauza makala, tena kwa kopo! "Yaya, falanga hiyo ntatosha wapi?" Sikuwa na jibu. Sufuria niliinunua mimi.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni na kuzuiliwa ni kwa nadra. Kifungu cha 18 kinawapa polisi saa 48 tu. Kijana alilala kasho la polisi siku sita kabla ya kumwona majistra. Labda saa za kule ni ndefu kuliko zetu.

Dhamana kazi yake ni kumrudisha mtu mbele ya jaji. Si adhabu, wala si kiingilio. Sasa huyu, aliyezaliwa avenyu hii na mama yake bado yuko hapa, atakimbilia wapi? Kasumbalesa, mpakani? Kwa nauli gani? Sheria inamruhusu majistra kumwambia asitoke mjini, aje kujionyesha siku fulani na fulani. Hayo hayagharimu hata franka moja, na nadhani hapo ndipo yanapokosa wapenzi. Mtoto wa tajiri akikutwa na misokoto ileile analala kwao. Wa muuza makala anangojea sahani ya sombe kutoka nyumbani, na siku mama hana nauli, hali kitu.

Haya, wapo wanaotoroka. Na anayewauzia watoto bangi mlangoni pa shule simtetei.

Lakini tuliona yaliyotokea gereza la Makala, Kinshasa. Gereza la watu 1,500 lilikuwa limejazwa maelfu kwa maelfu, wengi wao bila hukumu. Tarehe 2 Septemba 2024 watu walijaribu kutoroka, na serikali yenyewe ikahesabu maiti 129. Ni wangapi kati yao walikuwa wamekosa dola mia tatu?

Sufuria iko jikoni kwangu. Nimemwambia mama, kukiwa na kilio aje tu aichukue.