SMB1: kuweka kiraka au kuizima kabisa?

Kosa la programu lililoipitisha WannaCry, mnyoo uliofunga mafaili ya watu na kudai fidia mwaka 2017, lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Ndani ya Windows kuna huduma ya kushea mafaili na printa, na toleo lake la kwanza, SMB1, lina asili ya miaka ya 1980. Kompyuta nyingine ikiipelekea orodha ya sifa za faili kwa mtindo wa OS/2, mfumo endeshi wa zamani, huduma hiyo hupima ukubwa wa orodha, hutenga nafasi kwenye kumbukumbu, kisha hunakili. Ikikuta rekodi mbovu mkiani, huikata na kupunguza kipimo. Kipimo kilihifadhiwa kwa biti 32, lakini aliyeandika programu alipokipunguza alibadilisha biti 16 za chini tu. Za juu zikabaki vilevile. Orodha ya baiti 65,536 iliyotakiwa ishuke hadi 65,373 ikasomeka 130,909. Nafasi imetengwa kwa kipimo kidogo, kunakili kunafuata kipimo kikubwa, na kinachozidi kinamwagikia kwa jirani, ndani ya kiini cha mfumo. Anayejua kukipanga hicho kinachomwagika anaitawala kompyuta bila kuulizwa nywila.

Microsoft ilitoa kiraka chake, yaani sasisho la kurekebisha kosa hilo, kwa jina MS17-010, tarehe 14 Machi 2017. Mwezi mmodi baadaye kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana ya udukuzi ya EternalBlue, iliyotengenezwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa kutumia tundu hilohilo. Tarehe 12 Mei ikaja WannaCry. Siku 59 zilikuwa zimepita tangu kiraka kitoke.

Hesabu hiyo ndiyo silaha ya wanaosema kiraka kinatosha. Dawa ilikuwepo, watu hawakuinywa. Uingereza, ambako taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya NHS zilivurugwa, kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa na wenye kiraka chake tayari. Watu walipenda kuisingizia Windows XP, mfumo mkongwe zaidi. Hoja nyingine ya watetezi wa kiraka naiheshimu zaidi: kiraka kinarekebisha hesabu ileile iliyokosewa na kuiacha huduma iendelee. Ukiizima huduma yote, unavunja kazi za watu ambao hawajakosa lolote.

Nalijua hilo kwa mikono yangu. Mwaka huo nilikuwa nahudumia kompyuta za ofisi moja Kariakoo. Nilizima SMB1 Ijumaa jioni, nikaenda zangu nyumbani nikijiona fundi. Jumatatu saa mbili asubuhi simu ya mhasibu: mashine ya fotokopi haipeleki skani kwenye folda. Ilikuwa mashine ya zamani, haijui lugha nyingine zaidi ya SMB1. Bosi hakutaka kusikia habari za biti 16. Alitaka ankara zake.

Na kabla ya kuwalaumu waliochelewa kuweka kiraka, tuseme ukweli wa huku kwetu. Ofisi nyingi ndogo zinatumia Windows ya kuchakachua, na fundi aliyeiweka alizima masasisho ili isije ikadai leseni. Wengine wamezima kwa sababu sasisho moja linamaliza bando la wiki. Wengine waliwahi kuona kompyuta ikigoma kuwaka baada ya sasisho, wakala kiapo. Kusubiri kwao si uzembe mtupu. Tatizo ni kwamba mnyoo hausubiri: WannaCry ulihama wenyewe kupitia poti 445, mlango wa mtandao unaotumiwa na SMB, hakuna aliyehitaji kubofya kitu.

Wanaotaka huduma izimwe wana hoja iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu. MS17-010 haikuziba tundu moja, iliziba sita, zote kwenye huduma hiyohiyo. Msimbo ulioandikwa enzi mtandao ukiwa wa chumba kimoja chenye watu wanaojuana, sasa unasikiliza maombi ya mtu yeyote. Microsoft yenyewe ilikuwa imewasihi watu waache SMB1 tangu Septemba 2016, miezi kadhaa kabla ya balaa, na kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017 ikaacha kuisimika kama kawaida. Mwenye nyumba akianza kukwepa chumba, mpangaji ajiulize.

Lakini wasijisifu mno. Machi 2020 tundu la ukoo huohuo likaonekana kwenye SMB 3.1.1, lugha mpya tuliyoambiwa tukimbilie. Hesabu ya ukubwa wa data iliyobanwa ilizidi uwezo wa namba, ikarudi kuwa ndogo, bafa, yaani nafasi ya kuipokea data kwenye kumbukumbu, ikatengwa ndogo, data ikafurika. Hapo hukuweza kusema "zima huduma" kirahisi, maana hiyo ndiyo huduma yenyewe. Waliosalimika ni walioweka kiraka cha dharura cha tarehe 12 Machi au waliozima ubanaji peke yake kwenye seva zao.

Kwa hiyo nafanya yote mawili, ila kwa mpangilio. Kiraka kwanza, wiki hiyohiyo, baada ya kukijaribu kwenye kompyuta moja isiyo ya mhasibu. Kuzima kunafuata, na kunataka daftari: kila kifaa kinachotegemea huduma kiandikwe kabla hujagusa swichi. Hatua hiyo ndiyo niliyoiruka.

Pale Kariakoo tuliishia kutenga kompyuta moja yenye kiraka, SMB1 ikabaki humo tu, na ukuta wa moto (firewall) ukairuhusu huduma hiyo kuongea na fotokopi peke yake. Skani zinatua hapo, na mhasibu anainuka kuzifuata kwenye kompyuta hiyo. Hatua kumi na moja kutoka mezani kwake. Alizihesabu, na hadi leo ananikumbusha.